Bakuli Linapolala Gurudumuni: Majibu kwa Wasomaji Wanaojifunza Ufinyanzi

Barua zilizotufikia mwezi huu kuhusu ufinyanzi karibu zote zinalalamikia chombo kimoja, nacho ni bakuli. Watu wameshaweza kikombe, wengine wameshaweza hata chombo kirefu cha maua, lakini bakuli, ambalo kila mtu hulidhania kuwa rahisi kwa kuwa ni fupi na pana, linawashinda. Nimechagua barua saba, nikazifupisha bila kugusa hoja zake. Mtaona kwamba mara nyingi namrudisha mwandishi nyuma, mbali na mahali alipoiona kasoro, kwa sababu katika kazi hii kasoro huingia mapema na kujitokeza baadaye.

Swali: Mwalimu, kwa miezi minne nimekuwa nikijifunza gurudumu kila Jumamosi. Vikombe vyangu sasa vinasimama, lakini bakuli limenishinda. Ukuta hupanda vizuri, na mara tu ninapoanza kuupanua, ukingo huyumba, upande mmoja hulala, na kazi ya nusu saa huisha. Niliambiwa kwamba ninatumia maji mengi, nami nikapunguza, ila hali ni ileile. Ninakosea wapi? – *Msomaji, Umoja*

Jibu: Ndugu yangu, aliyekushauri kuhusu maji hakukudanganya. Hata hivyo, maneno yaliyonishtua katika barua yako ni "nusu saa". Bakuli la kawaida likikaa gurudumuni nusu saa huwa limeshakunywa maji ya kutosha kulilegeza, hata kama hukumimina mengi kwa mara moja, na udongo uliochoshwa namna hiyo hausimami kwa mkono wa fundi yeyote. Kwa nini basi unachukua nusu saa? Naamini ni kwa sababu unafinyanga kikombe kwanza, kisha unakilazimisha kiwe bakuli.

Kosa hilo nalijua kwa kuwa nililifanya kwa muda mrefu. Siku moja mwalimu wangu, mama asiyependa maneno mengi, alisimama kando ya bakuli langu la kwanza ambalo halikuanguka. Alichukua waya wa kukatia, akaupitisha wima katikati yake, akaondoa nusu moja na kuiacha nyingine juu ya sahani ya gurudumu. Pale ukuta ulipokutana na kitako palikuwa na udongo mnene kama kidole gumba. Juu yake kidogo ukuta ulikuwa umebanwa hadi kuwa mwembamba kama kadi, kisha ukanenepa tena kuelekea ukingoni. Lilikuwa bakuli lenye kiuno cha nyigu na kichwa kizito, na lilikuwa limesimama kwa bahati tu. Lingeongezwa upana wa vidole viwili, lingekunjika palepale kiunoni, ilhali mimi ningelaumu ukingo kwa kuwa ndio ningeuona ukiyumba.

Ukuta wa kikombe husimama wima, na kila sehemu yake huibeba ile iliyo juu yake moja kwa moja. Ukuta wa bakuli umeinamia nje, kwa hiyo sehemu yake ya juu inaning'inia hewani, na kinachoushikilia ni udongo ulioachwa chini, mahali ambapo mviringo unaanzia. Ndiyo maana umbo la ndani la bakuli huamuliwa tangu unapotoboa donge. Kwa bakuli la uji lenye upana wa sentimita 15 hivi, chukua gramu 700 hadi 800 za udongo uliokandwa vizuri, yaani udongo ambao ukiukata kwa waya huoni kitundu hata kimoja cha hewa. Utulize kitovuni: upandishe kama koni, ushushe, urudie mara mbili au tatu, viwiko vikiwa vimeegemea mapaja au mbavu ili mkono usichezeshwe na udongo. Utajua umetulia pale utakapofumba macho ukiwa umeushika na usihisi mtikisiko wowote kiganjani. Usiendelee kabla ya hapo. Donge lililokaa pembeni kwa milimita 2 litakupa ukuta ambao upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, na ule mwembamba ndio utakaolala.

Unapotoboa, usitandaze sakafu bapa kama ya kikombe. Shuka kwa kidole mpaka kitako kibaki na unene wa sentimita 1 hivi, ambao utaupima kwa kuchoma sindano, kisha uvute vidole kuelekea kwako huku ukivipandisha kidogo kwa wakati uleule, kama mtu anayechota kwa upawa. Mviringo wa ndani utakuwa umepatikana kabla hujavuta ukuta hata mara moja. Baada ya hapo pandisha ukuta ukiuacha mdomo uwe mwembamba kuliko unavyoutaka mwishoni, na uvute mara tatu, si zaidi. Acha ukingo uwe mnene kidogo kuliko ukuta, na kila baada ya kuvuta, ubane taratibu kwa kipande cha ngozi laini kilicholowa, kwa maana ukingo huo ndio mshipi utakaolizuia bakuli lisipasuke wakati wa kupanuka.

Halafu kuna mwendo wa gurudumu, jambo ambalo wanafunzi wengi husahau kwa sababu mguu umezoea kukanyaga. Nguvu inayousukuma udongo nje huongezeka kadiri udongo unavyokuwa mbali na kitovu: kwa mwendo uleule, ukingo uliopanuka mara mbili husukumwa kwa nguvu mara mbili. Kwa upande wa pili, ukipunguza mizunguko kwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Kwa hiyo donge hutulizwa kwa kasi, ukuta huvutwa kwa mwendo wa wastani, na upana hutolewa kwa mwendo wa polepole kabisa.

Upanuzi wenyewe uwe tendo la mwisho. Nyonya kwa sponji maji yote yaliyotuama ndani, kisha tumia kibao chenye mviringo badala ya vidole. Mimi hutumia kipande cha kifuu cha nazi kilichosuguliwa kwa msasa. Kipitishe kutoka kitovuni hadi ukingoni kwa mpito mmoja usiokatika, mkono wa nje ukiusindikiza ukuta bila kuusukuma. Kibao hukomba ule uji wa udongo ulio juu, na ukuta unaobaki huwa mkavu zaidi na wenye nguvu. Ukitazama ndani usione kona yoyote mahali sakafu inapogeuka kuwa ukuta. Mla uji hulitambua bakuli baya kwa kijiko chake, kinapokwama pale chini na kushindwa kuyafikia mabaki.

Jumamosi ijayo finyanga mabakuli 10 na uyakate yote katikati kwa waya, ukianza na lile unalolipenda zaidi. Udongo utarudi ndooni, hutapoteza kitu. Usihifadhi hata moja mpaka uone nusu iliyokatwa ikiwa na unene unaopungua taratibu kutoka chini kwenda juu bila kiuno.

Swali: Ninatumia mkono wa kushoto. Je, nitafute gurudumu linalozunguka upande mwingine? – *Msomaji, South B*

Jibu: Si lazima. Magurudumu mengi ya umeme yana swichi ya kugeuza mzunguko, na kama la darasani kwenu linayo, unaweza kujaribu pande zote mbili. Hapa kwetu walimu wengi hufundisha gurudumu likizunguka kinyume cha saa, mikono ikifanya kazi upande wa kulia wa donge. Wafinyanzi wa Japani kwa desturi huzungusha kufuata saa na kufanyia kazi upande wa kushoto, na hakuna anayesema kwamba vyombo vyao vina kasoro. Mikono yote miwili hutumika kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo nimewaona watumiaji wa mkono wa kushoto wakizoea mzunguko wa kawaida bila shida. Chagua upande mmoja na ukae nao angalau miezi mitatu, kwa sababu kubadilisha kila wiki hukufanya mwanafunzi mpya kila wiki.

Swali: Nina kiwanja Embakasi, na waliochimba msingi wameniachia rundo kubwa la udongo mweusi unaonata sana mikononi. Udongo wa dukani ni ghali. Je, naweza kuutumia huu kwenye gurudumu? – *Baba wa watoto wawili, Embakasi*

Jibu: Mzee, kunata kwake ndiko kunakovutia, na ndiko kunakoleta hasara. Udongo mweusi wa tambarare za mashariki na kusini mwa Nairobi una aina ya madini ambayo hunyonya maji katikati ya tabaka zake na kuvimba, kisha ukikauka hunywea kupita kiasi. Umeona mwenyewe nyufa zinazofunguka ardhini mwezi wa Februari, nyingine zikiweza kumeza kiatu cha mtoto, na unajua kwamba wajenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Udongo unaopasua kuta za mawe hautalihurumia bakuli lenye unene wa milimita 6. Utaufinyanga kwa raha, utaliweka bakuli rafuni, na asubuhi utakuta vipande.

Kuna tatizo la pili lisiloonekana kwa macho. Udongo huo mara nyingi huwa na punje nyeupe za chokaa. Punje hizo zikichomwa tanurini hubadilika, na baada ya chombo kutoka hunyonya unyevu wa hewani, zikavimba na kubandua vipande vidogo kwenye ukuta siku au hata wiki kadhaa baadaye. Dondoshea siki juu ya bonge kavu la udongo wako. Ukiona povu, chokaa ipo.

Udongo mwekundu wa upande wa Kiambu na Limuru, wenye chuma kingi, hauvimbi namna hiyo, ingawa mara nyingi hukosa mnato wa kutosha kwa gurudumu ukiwa peke yake. Hapo ndipo rundo lako linapoweza kufaa, ikiwa halina chokaa: changanya sehemu 1 ya mweusi kwa sehemu 10 za mwekundu, loweka vyote kwenye ndoo mpaka viwe kama uji, pitisha kwenye chujio laini ili mawe na mizizi ibaki, acha utulie usiku kucha, mwaga maji yaliyojitenga juu, kisha uuanike kwenye kitambaa kizito hadi ukandike.

Kabla ya kulisogelea gurudumu, fanya majaribio mawili. Viringisha kamba ya udongo yenye unene wa penseli na uizungushe kwenye kidole; ikipasuka, mnato hautoshi. Kisha tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 ungali mbichi, na uupime baada ya kukauka kabisa. Udongo mzuri wa ufinyanzi kwa kawaida hupungua asilimia 5 hadi 8 katika kukauka, na tanuri huupunguza zaidi. Mstari ukishuka chini ya sentimita 9 kabla hata ya kuchomwa, punguza mweusi au uuache kabisa.

Swali: Mabakuli yangu yanatoka mazima gurudumuni na yanakauka mazima. Lakini yakishachomwa mara ya kwanza, karibu nusu yake huwa na ufa katikati ya kitako, uliopinda kama herufi S. Mwenye tanuri anasema ni udongo mbaya, muuza udongo anasema ni tanuri. – *Mama mfinyanzi, Kawangware*

Jibu: Dada, waachie wote wawili heshima yao, kwani ufa huo kwa kawaida huanza mikononi mwetu sisi wafinyanzi.

Unapovuta ukuta, vidole vyako huubana udongo wa ukutani pande zote mbili, chembe zake zikalala pamoja na kushikana. Udongo wa kitakoni, hasa pale katikati kabisa, haukubanwa na mtu. Ulitobolewa, ukaachwa, na juu yake likabaki dimbwi la maji ulilolisahau ukiwa umeshughulika na ukingo. Kwa hiyo kitako kimelowa kuliko ukuta na kimelegea kuliko ukuta. Ukingo hukauka kwanza na kunywea kwanza kwa sababu ni mwembamba na upepo unaufikia pande zote, huku kitako kikiwa kimekaa juu ya ubao, kikikauka mwisho. Kinapotaka kunywea kwa zamu yake, kinakuta ukuta umeshakauka na haukubali kusogea, basi kinajivuta chenyewe mpaka kinaachana katikati. Ufa hupinda kufuata mzunguko aliopewa udongo na mkono wako gurudumuni. Tanuri huupanua tu ufa ambao ulikuwako tayari, mwembamba kama unywele.

Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, maneno yao yaliihusu kazi hii kwa maana yake ya wazi kabisa. Mara tu baada ya kutoboa, kabla ya kuvuta ukuta, bonyeza sakafu kwa ncha za vidole au kwa kibao, ukitoka kitovuni kuelekea pembeni na kurudi kitovuni, mara tatu au nne, kwa uzito wa mkono mzima. Kila baada ya kuvuta, kausha sakafu kwa sponji. Usiache kitako kiwe kinene kuliko ukuta kwa tofauti kubwa, na unene wa ziada uuchonge bakuli likifika hali ya ngozi, yaani pale linaposhikika bila kubonyea lakini bado ni baridi na linakatika kama jibini.

Kisha linda ukaushaji. Nairobi ya Januari na Februari, jua na upepo vikiwa pamoja, ni hatari kwa mabakuli kuliko Julai yenye mawingu. Ukingo ukishapata nguvu ya kujibeba, lipindue bakuli lisimame kwa ukingo wake, ili kitako kipate hewa na ukingo usitangulie. Lifunike kwa mfuko mwepesi wa plastiki usiku wa kwanza na wa pili. Mimi huyaweka mabakuli yangu mbali na dirisha na mbali na mlango, na tangu nianze kufanya hivyo pamoja na kubonyeza sakafu, ufa wa aina hiyo nauona kwa nadra sana.

Swali: Nyanya yangu alifinyanga vyungu kule Ukambani bila gurudumu, na bado tunacho kimoja kinachopikia maharagwe. Mimi nimelipa ada ya kujifunza gurudumu, na ndugu zangu wanasema ninaiacha mila nzuri kwa ajili ya mashine. Je, gurudumu ni bora? – *Mjukuu, Kayole*

Jibu: Mwanangu, gurudumu lina kasi, na kasi si kitu kidogo kwa mtu anayetaka mabakuli 30 yanayofanana kabla ya jioni. Lakini kasi haitoshi kuliita bora. Ufinyanzi wa jadi wa Kenya, ambao sehemu kubwa yake umekuwa mikononi mwa wanawake, ulijengwa kwa mkono, tuta la udongo juu ya tuta, mfinyanzi akikizungusha chombo au akikizunguka yeye mwenyewe. Hata pwani, ambako mabakuli ya kauri yaliletwa kwa vyombo vya bahari kutoka Uchina na nchi za Kiislamu, yakapambwa kwenye nyumba na makaburi, kama lile la mnara la Mambrui, vyungu vya jikoni viliendelea kujengwa kwa mkono na wanawake wenyeji.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1950 na kuhamia Uingereza mwaka wa 1971, anahesabiwa miongoni mwa wafinyanzi wakubwa walio hai duniani, na vyombo vyake vilivyompa sifa hujengwa kwa mkono kisha husuguliwa hadi ving'ae bila kupakwa chochote cha kioo. Alipokuwa akijifunza alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja, alikofanya kazi Ladi Kwali. Mama huyo, ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20, alikuwa amefunzwa gurudumu kituoni hapo, lakini mitungi iliyomjulisha kwa ulimwengu aliijenga kwa mkono kama alivyofundishwa kijijini utotoni. Hakuona haja ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine, nami sioni haja ya wewe kufanya hivyo.

Ila kuna jambo moja ambalo nakuomba ulizingatie sana. Chungu cha nyanya yako kinastahimili moto kwa sababu udongo wake ulichanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, ukachomwa kwa moto wa wazi usio mkali sana, ukabaki na vitundu vidogo vingi. Chungu kikipata joto la ghafla, ufa unaoanza hukutana na punje au kitundu na kusimama hapo. Bakuli lako la gurudumu, lililochomwa hadi nyuzi 1,200 na kuvikwa tabaka la kioo, limeshikamana kama jiwe. Huhifadhi supu bila kuvuja na huosheka kwa urahisi, lakini ukiliweka juu ya jiko la makaa litapasuka. Kila chombo kina kazi yake jikoni, na ningekushauri umwombe mtu wa ukoo anayekumbuka akuonyeshe udongo ule ulichimbwa wapi, kwa kuwa maarifa hayo hayafundishwi katika darasa lolote la Jumamosi.

Swali: Nimeanza kuuza mabakuli kwa majirani. Mmoja ameniuliza kama ni salama kulia chakula. Nilinunua glezi iliyopimwa dukani bila maandishi yoyote. Nimjibu nini? – *Msomaji, Kasarani*

Jibu: Mjibu kwamba bado hujui, na usiuze jingine la kulia chakula mpaka ujue. Glezi ni mchanganyiko wa madini unaoyeyuka na kuwa kioo juu ya chombo, na kwa karne nyingi risasi ilitumika kuuyeyusha kwa joto la chini. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na vyakula vyenye ndimu, nyanya au siki huweza kuitoa katika glezi mbaya. Nunua glezi ambayo mtengenezaji ameandika kwamba haina risasi na inafaa vyombo vya chakula, na uichome kwa joto lilelile lililoandikwa, kwa sababu hata glezi nzuri isipoiva haiaminiki. Yale uliyokwisha kuuza, waombe majirani wayatumie kwa kuwekea funguo au mimea. Kwa upande wako, karakana usiifagie kavu. Vumbi la udongo lina silika inayoharibu mapafu polepole, kwa hiyo piga deki kwa maji kila jioni.

Swali: Mabakuli manne yalilipuka tanurini mwezi wa Julai, yakaharibu na ya wenzangu. Yalikuwa yamekaa rafuni siku nane na yalionekana makavu. Nimeona aibu kurudi. – *Msomaji, Ruaka*

Jibu: Rudi tu, kwa sababu jambo hili limempata kila mfinyanzi. Siku nane za Julai, na baridi ile na mawingu yale ya kutwa nzima, si sawa na siku nane za Februari, na macho hayawezi kupima unyevu uliojificha ndani ya kitako. Tumia shavu. Liguse bakuli kwa kitako chake dhidi ya shavu lako, na ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka na chombo hakijawa tayari. Likilingana na joto la chumba, limekauka.

Maji yanapogeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakiwa yamefungiwa katikati ya ukuta hayana njia nyingine ila kuupasua. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo anayefuata maelezo yaliyoandikwa kwa miji ya pwani na kulishikilia tanuri kwenye nyuzi 95 anadhani yuko salama kumbe ameshavuka. Mwombe mwenye tanuri alishikilie kwenye nyuzi 80 kwa saa nne au zaidi, tundu la kuchungulia likiwa wazi. Shika kioo kidogo mbele ya tundu hilo kwa muda mfupi. Kikipata ukungu, subirini.

Baada ya hapo joto lipande taratibu hadi kupita nyuzi 600, kwa maana kati ya 450 na 600 hutoka maji mengine yaliyofungwa katika udongo wenyewe, na kwenye 573 chembe za mchanga ndani yake hubadilika umbo kwa ghafla. Kutoka hapo hadi nyuzi 1,000 tanuri linaweza kwenda haraka. Wakati wa kupoa, lisifunguliwe mpaka lishuke chini ya 100, hata wateja wakiwa wamesimama mlangoni.

Kuhusu mabakuli ya wenzako, nenda na udongo wa kilo kadhaa uwape, nao watakuelewa. Vipande vilivyolipuka, kama vilishafika joto la kuchomeka, usiviache jalalani. Visage kwa kinu huku umevaa barakoa, uvichekeche, kisha uchanganye unga huo wenye punje na udongo wa mabakuli makubwa, kiasi cha sehemu 1 kwa 10. Punje hizo zilishanywea tanurini na hazitanywea tena, kwa hiyo bakuli hupungua kidogo zaidi linapokauka, na unyevu wa kitakoni hupata njia ya kutokea.